Uvimbe Tuliouvumilia

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Kasansa, katika nchi ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Nina watoto wanne. Ushuhuda huu ni wa mtoto wangu wa tatu. Amepewa jina la baba mkwe wangu, kwa hiyo nyumbani tunamwita Babu.

Nimeusimulia kanisani mara kadhaa. Leo nauandika, kwa sababu mzazi ninayemtaka ausikie huenda hayupo kanisani. Yuko kwenye benchi la wodi na hajalala siku tatu. Au yuko nyumbani, anamtazama mtoto wake shavuni na kujiambia ni jino tu. Ndugu yangu, nakuandikia wewe.

Ilikuwa Februari 2017. Babu alikuwa na miaka sita. Mvua zilikuwa zimeshika, mpunga umesimama vizuri, na mbu walikuwa wengi kama ilivyo kawaida ya mashamba yetu. Babu alikuwa mtoto wa malaria. Kila masika aliugua mara mbili, mara tatu. Tulimpa dawa ya mseto, homa ikashuka, akarudi kucheza. Chandarua tulikuwa nacho, tuligawiwa. Lakini nitasema ukweli: nilikuwa nimekifunikia bustani ya mchicha ili kuku wasiingie.

Mwezi ule jino lake la chini upande wa kulia lililegea. Hatukushtuka. Mtoto wa miaka sita ni wakati wake wa kung'oka meno. Lilipong'oka alilirusha juu ya bati kama watoto wote, dada zake wakamcheka kibogoyo. Baada ya siku chache likalegea la pili, pembeni ya lile la kwanza. Kisha gego. Gego halikuwa zamu yake kung'oka, lakini sikujiuliza.

Shavu likaanza kuvimba. Mama mkwe akamkanda kwa maji ya chumvi. Majirani walipita wakasema, "Vumilia mama, ni meno." Nikavumilia. Wiki ya pili nilimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Walimng'oa jino jingine na kumpa dawa ya kuua vijidudu. Usaha haukutoka. Uvimbe ulikuwa mgumu, na jambo la ajabu, haukumuuma. Kwa kuwa haukumuuma, tukatulia.

Uvimbe ulikuwa kama ndimu. Wiki iliyofuata ulikuwa kama chungwa. Kuna mtu alisema mtoto ametupiwa kitu. Akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale tatu, akapakwa majani. Nililipa kwa debe la mpunga. Pale tulipoteza siku sita.

Hadi leo neno moja huniuma. Tuliuzoea. Babu alijifunza kutafunia upande wa kushoto. Mimi nikajifunza kumkorogea uji mwepesi. Dada zake waliacha kumshangaa. Uso wa mwanangu ulikuwa unabadilika kila nikiamka asubuhi, nami nilikuwa nauzoea kila ilipofika jioni.

Aliyetuamsha hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamama anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za vyandarua na vyoo. Alisimama mlangoni, akamwona Babu, hata salamu hakuimaliza. Alimlaza kwenye mkeka, akamgusa tumbo. Tumbo lilikuwa limejaa. Sikuwa nimeliona, macho yangu yalikuwa shavuni tu. Akasema, "Mama, huyu mtoto aondoke kesho. Kesho, si Jumatatu." Nikamwambia sina nauli. Akatoka. Alikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, akaenda kwa mjomba wangu, akaenda hadi kilabuni kumtoa mume wangu. Yule mama hakuwa na dawa wala sindano. Alikuwa na sauti tu. Usiku ule jumuiya nzima ilijaa uani kwetu.

Asubuhi tuliondoka. Barabara ilikuwa tope. Tukapita Kibaoni, tukakata mbuga ya Katavi, tukavuka mto Katuma pale Sitalike, ambapo viboko hulala majini kama mawe. Babu alipenda viboko kuliko kitu chochote. Siku ile nilimwambia, "Babu, tazama." Hakuinua kichwa.

Mpanda mjini daktari hakuchukua muda mrefu. Aliandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Tulipanda treni hadi Tabora, kisha basi kupitia Nzega na Shinyanga. Wifi yangu anaishi Igoma. Alitupokea stendi, akambeba Babu mgongoni kama mtoto mchanga, maana alikuwa mwepesi hivyo.

Bugando iko juu ya kilima na ziwa unaliona chini. Walichukua kinyama kwenye uvimbe. Wakampiga picha ya tumbo. Wakamchoma sindano mgongoni kuangalia kama ugonjwa umefika kwenye ubongo, na nyingine kwenye mfupa kuangalia uboho. Daktari wa wodi, dada mdogo kuliko mimi, akanikalisha chini. Akaniambia ni saratani, inaitwa limfoma ya Burkitt. Iko kwenye taya na imefika kwenye figo.

Nilisikia neno saratani. Yaliyofuata sikuyasikia. Alirudia mara ya pili, ya tatu, bila kukasirika. Akasema uvimbe huu ni wa haraka kuliko karibu saratani zote za binadamu, unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Kisha akasema: kwa sababu ni wa haraka, dawa pia huuwahi haraka. Nililishika hilo la mwisho.

Dripu ya kwanza ya dawa ilianza siku iliyofuata.

Sasa naomba unisikilize polepole. Hapa ndipo nilipofika chini.

Usiku wa pili Babu aliacha kukojoa. Nesi alikuwa amenipa chupa ya kupimia mkojo. Saa mbili usiku chupa ilikuwa tupu. Saa nne, tupu. Maji yalikuwa yanaingia kwa dripu. Hayatoki. Uso ukavimba. Miguu ikavimba. Daktari aliitwa. Akanieleza kwamba dawa inaua uvimbe kwa kasi, na zile seli zilizokufa zinamwaga uchafu kwenye damu. Figo zinashindwa kuusafisha. Zikishindwa kabisa, moyo unaweza kusimama.

Saa sita. Tupu.

Kitanda cha pili kilikuwa na binti mdogo mwenye uvimbe kama wa Babu. Alifariki usiku ule. Mama yake hakupiga kelele. Alikunja kanga moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye mfuko. Akaja akanishika bega. Akatoka.

Nilikuwa na rozari mkononi. Sikuweza kusali. Nilianza Salamu Maria, nikasahau katikati. Sala ninayoijua tangu nikiwa mtoto. Nilisahau. Niliishika tu rozari.

Nilifikiria chandarua kwenye mchicha. Nilifikiria debe la mpunga. Nilifikiria siku zote zile nilizosema kesho. Nilimwambia Mungu, nichukue mimi. Hakukuwa na jibu. Saa tisa. Tupu. Niliogopa kumgusa. Niliogopa nitamkuta wa baridi.

Wifi alikuwa amekatazwa kuingia, akalala nje kwenye sakafu ya korido. Nilijua yuko pale. Kikohozi chake nilikisikia. Usiku ule kwangu Mungu alikuwa kile kikohozi cha wifi.

Alfajiri, kabla ndege hawajaanza, nilisikia sauti ndogo.

"Mama. Mkojo."

Niliangusha chupa. Nesi akaikimbilia. Ilikuwa kidogo, rangi ya chai. Nesi akainua juu kwenye taa, akaitazama kama padre anavyoinua kalisi. Akasema, "Mama, figo zimeamka." Nikapiga magoti pale pale. Salamu Maria ilirudi yote.

Siku ya tano shavu lilikuwa limenywea. Siku ya kumi niliuona tena uso wa mwanangu. Alidai samaki.

Nilipopata nguvu, swali likaja. Nilimuuliza yule daktari: kwa nini mwili wa mtoto wangu haukupigana? Kidonda kidogo tu huvimba na kutoa usaha. Huu mzigo wote ulikua na mwili ukakaa kimya?

Akaniuliza, "Babu ulimbeba miezi tisa?" Nikasema ndiyo. "Nusu yake ni ya baba yake. Kwa mwili wako alikuwa mgeni. Mbona haukumshambulia?" Sikuwa na jibu. Akasema: kwa sababu kinga ya mwili inajua kupigana, na inajua pia kuvumilia. Bila uvumilivu huo mimba isingekaa. Bila uvumilivu huo kinga ingegeuka na kula viungo vya mwili wenyewe, na kuna watu wanaoumwa hivyo. Ni zawadi. Lakini saratani hujificha ndani ya zawadi hiyo. Haiji kutoka nje kama mwiba. Inatokana na seli za mtoto mwenyewe, ina sura ya wa nyumbani, na kinga huipita kama tunavyompita jirani.

Kisha akaniuliza kijijini tunafanya nini mwizi wa ng'ombe akiingia usiku. Nikamwambia tunapiga yowe, sungusungu wanatoka. "Anayepiga yowe ndiye anayemkamata mwizi?" Nikasema mara nyingi hapana, anaweza kuwa bibi kizee. "Na asipopiga?" Nikasema wote wanalala mpaka asubuhi.

Akasema ndani ya damu wako hivyo hivyo. Kuna seli zinazoua adui. Kuna zinazotengeneza kingamwili. Na kuna zinazoitwa seli T saidizi, ambazo kazi yao kubwa ni kumtambua adui na kupiga yowe ili hao wengine waamke na kujua wa kumfuata. Wapiga yowe wakinyamaza, askari wapo, silaha zipo, na mwizi anaondoka na ng'ombe.

Katika ugonjwa wa Babu, alisema, kuna kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1964 katika uvimbe kama huu uliopelekwa London kutoka Uganda. Karibu kila mtu anacho. Huku kwetu watoto hukipata wakiwa wachanga, kwa mate, na hukaa nacho maisha yote bila shida, kwa sababu kinga hukidhibiti. Malaria ya kila mara ndiyo huharibu ulinzi. Inazichochea seli ambamo kirusi hukaa zizaliane ovyo, na katika kuzaliana huko ndipo kosa moja kwenye vinasaba linaweza kuanzisha saratani. Na wakati huohuo inawachosha wapiga yowe.

Uvimbe nao ni mjanja. Kirusi kilichomo ndani yake huzima karibu alama zake zote, kikabaki na protini moja inayoitwa EBNA1. Seli zinazoua huipata kwa shida alama hiyo. Wanaoiona vizuri ni seli T saidizi. Alinieleza kwamba utafiti juu ya watoto wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba watoto wengi wenye ugonjwa huu kinga yao haikuitikia EBNA1, ilhali mambo mengine iliyatambua. Mlinzi pekee aliyekuwa na jicho la kumwona mwizi yule ndiye aliyekuwa amenyamaza.

Nililia, lakini si kama usiku ule. Nilielewa kwamba mwili wa Babu ulifanya kilekile nilichofanya mimi. Ulitazama uvimbe, ukaona ni wa nyumbani, ukauvumilia. Na nilimkumbuka yule mama wa vyandarua mlangoni kwangu. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga yowe wetu.

Ugonjwa huu si laana ya ukoo wa mtu. Una jina la daktari, Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, na aliyeuandika mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari nchi nyingi za Afrika akiuliza hospitali hadi hospitali, na akaona kwamba unafuata mabonde yenye joto na mvua, palepale malaria ilipo. Hapa Tanzania, kaskazini mwa Mara, kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto waligawiwa klorokwini kuona kama kuzuia malaria kutauzuia. Wagonjwa walipungua miaka ile, ingawa watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba ni dawa ile pekee. Daktari alipokuwa akisimulia, mimi nilikuwa naiona bustani yangu ya mchicha.

Nisikufiche kwamba hatari ya pili ilikuja tukiwa tumeshafurahi. Baada ya dripu ya pili shavu lilikuwa safi. Mume wangu akapiga simu. Mpunga umeiva, ndege wanaumaliza, mama amechoka, mtoto si amepona? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafunga mfuko. Wazazi wengi huondoka hapo. Wifi aliketi juu ya ule mfuko. Alisema, "Wifi, uvimbe umelala, haujafa. Utamrudisha Babu Kasansa akafie kule?" Daktari naye akathibitisha: uvimbe ukirudi, dawa zilezile huenda zisiuweze tena. Tukabaki mizunguko yote sita ya dawa. Sindano za mgongo, kutapika, nywele kwisha, kuongezewa damu. Shemeji yangu alichangia damu, na vijana wa jumuiya ya Igoma ambao hawakutujua wakachangia. Ofisi ya ustawi wa jamii ilitusaidia gharama. Huku nyumbani jumuiya yetu ilivuna shamba langu bila kunidai hata sahani. Ng'ombe wawili waliuzwa. Sijawahi kuwajutia.

Tulirudi mwezi wa nane. Kiangazi kilikuwa kikali, Katuma imepungua, viboko wamebanana kwenye dimbwi moja la tope. Babu alisimama kwenye kiti cha basi, kichwa hakina unywele, akawahesabu kwa sauti hadi Sitalike ikapotea nyuma yetu. Abiria wote walinyamaza kumsikiliza. Nilijifunika kanga usoni.

Leo Babu ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Ni mrefu kuliko baba yake. Chandarua cha mchicha nilikitoa siku ileile niliyorudi. Kila mtu nyumbani kwangu analala ndani ya chandarua, na mwenye homa anapimwa siku hiyohiyo.

Lakini woga haujaondoka wote. Akisema jino linauma, magoti yangu hulegea. Usiku, akiwa amelala, bado naingia na kumpapasa taya, la kulia kisha la kushoto. Hujigeuza na kunung'unika, "Mama, acha." Nafurahi kusikia ananung'unika.

Sasa wewe uliyeko wodini. Chupa ikiwa tupu, kaa. Sala ikikukataa, shika tu rozari, au shika mkono wa aliyekuja nawe. Ukiambiwa bado mizunguko mitatu, kaa mitatu, hata kama uso umeshapona. Na ukimwona mama mwenzako anakunja kanga zake, mshike bega. Yule mama alinishika mimi, na mpaka leo namwombea yeye na binti yake.

Na wewe uliyeko nyumbani. Tumefundishwa kwamba mvumilivu hula mbivu, na ni kweli kwa njaa, kwa ndoa, kwa shamba. Uvimbe usiuvumilie. Meno ya mtoto yakilegea zaidi ya moja upande mmoja, shavu likivimba bila usaha wala maumivu, jicho likisukumwa nje, au tumbo likijaa, usingoje wiki iishe. Usipeleke mpunga kwa mganga. Nenda hospitali, na wakikwambia ni jino na uvimbe ukaendelea kukua, rudi tena kesho yake, omba rufaa.

Na ukimwona mtoto wa jirani yuko hivyo, hata kama huna nauli ya kumpa wala dawa, simama mlangoni kwao upige yowe.